Hodi ya Tatu

Pwani nilikolelewa, mgeni hupiga hodi mara tatu. Ya kwanza, huenda wenyeji wako uani hawakusikia. Ya pili, huenda mama anajitanda kanga yake. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akaenda zake, wala hahesabiwi kuwa amekosa adabu. Iliyokosa ni nyumba.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alinipigia hodi tatu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kufundisha kozi kwa njia ya mtandao. Jumatatu aliandika kwenye jukwaa la mijadala: Shikamoo mwalimu, zoezi la pili sijalielewa. Jumatano akaandika tena, akieleza kwamba ameisoma sura nzima mara mbili. Ijumaa, saa sita kasoro usiku, akaandika: Samahani kwa usumbufu, mwalimu. Mimi nililifungua jukwaa lile Jumanne ya juma lililofuata, nikaandika jibu refu, zuri, lenye mifano. Hakulisoma. Mfumo huonyesha nani amefungua nini na lini, na jina lake halikuonekana tena mpaka muhula ukaisha.

Ukumbini nisingempoteza. Mtu asiyeelewa hukunja uso, huchungulia daftari la jirani, huacha kuandika. Mwalimu mzoefu huzisoma dalili hizo bila hata kujijua, akarudi nyuma, akabadili mfano. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na minne nikiionea fahari mihadhara yangu, kumbe sehemu kubwa ya ufundi ule ilikuwa machoni mwa wanafunzi. Walipoondoka mbele yangu, waliondoka nao.

Na nilikuwa nimeandaliwa, au ndivyo kilivyosema cheti nilichopewa. Semina ilikuwa ya siku mbili. Tulifundishwa kupakia faili, kutunga maswali ya kuchagua, kuweka tarehe ya mwisho ya kazi, kuingiza alama. Mwezeshaji alikuwa mtu makini na sina neno naye, maana vitufe navyo lazima vijulikane. Lakini kwa siku zile mbili hakuna aliyetuuliza mwanafunzi wetu ni nani, anasoma saa ngapi, na akikwama anamwita nani. Mfumo wenyewe ulikuwa Moodle, unaotumiwa na vyuo vingi duniani. Baadaye nilisoma kwamba Martin Dougiamas, aliyeuanzisha na kutoa toleo lake la kwanza mwaka 2002, alikulia jangwani Australia Magharibi, na akiwa mtoto alisomeshwa kwa redio kwa sababu shule ilikuwa mbali mno. Vitufe vile vilibuniwa na mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mbali. Natamani semina ingeanzia hapo.

Kuwafundisha walio mbali si jambo geni Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu vijijini, juma baada ya juma kwa wiki 12, kuizunguka redio na kijitabu. Inakadiriwa watu wapatao milioni 2 walishiriki. Tunapoikumbuka tunaisifia redio, ila kinachonigusa mimi ni kilichotangulia redio: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla. Hawakuwa madaktari. Walifundishwa kuketi na watu, kusikiliza kipindi pamoja nao, kumsomea kwa sauti asiyejua kusoma, kisha kuuliza: na hapa kwetu hali ikoje? Somo liliishia kwenye jambo la kufanya kabla ya kukutana tena, kama vile kuchimba choo au kufukia dimbwi linalozalisha mbu. Nimeona kozi nyingi za mtandaoni zenye video nzuri zisizo na hata moja kati ya mambo hayo mawili, yaani mtu wa kuketi na msomaji, na dimbwi la kufukia.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kilikuja na vituo vya mikoa kwa sababu hiyohiyo: anayesoma peke yake anahitaji mahali pa kubisha. Kile cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969, kiliamua kwamba kozi haitungwi na mtu mmoja. Wahadhiri waliketi pamoja na wahariri na watayarishaji wa vipindi wa BBC, na rasimu ikapita mikono mingi kabla ya kumfikia mwanafunzi. Huo ni mtihani kwetu tuliozoea kufunga mlango wa ukumbi na kufundisha tutakavyo. Kumpa mwenzako notsi zako azisome, akuoneshe aya asiyoielewa, kunadai unyenyekevu ambao shahada ya uzamivu haikutufundisha. Pengine ilitufundisha kinyume chake.

Lipo neno moja lililonifungua macho katika kazi hii, nalo ni hilo nililolitumia punde: yaani. Vyuoni mwetu Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya kufundishia, ila kila aliyewahi kuketi ukumbini anajua mhadhara unavyokwenda. Mhadhiri anaeleza dhana kwa Kiingereza, anatazama nyuso, anaona ukungu, kisha anasema “yaani” na kuhamia Kiswahili kwa dakika mbili. Atataja mchezo wa upatu, foleni ya daladala, bei ya nyanya sokoni. Ukungu ukiondoka, Kiingereza kinarudi. Dakika mbili hizo hazimo kwenye muhtasari wa kozi wala kwenye slaidi. Kozi inapopelekwa mtandaoni slaidi ndizo zinazosafiri, na yaani inabaki ukumbini. Mwanafunzi aliye Kibondo anapokea nusu ya somo, tena ile nusu ngumu, halafu tunakaa kwenye vikao na kusema wanafunzi wa mtandaoni ni dhaifu. Sentensi hiyo nimewahi kuisema mimi mwenyewe, na leo inanichoma.

Siku hizi ninapomsaidia mhadhiri kuandaa kozi, namwomba kwanza anifundishe mada moja kwa mdomo, nami nahesabu yaani zake. Kila ilipo yaani pana kitu cha kuandaliwa: mfano, mchoro, sauti fupi ya Kiswahili, swali la kujipima lenye maelezo ya kwa nini jibu hili si sahihi. Mhadhiri mmoja wa takwimu alikuwa nazo kumi na saba katika saa moja. Alipoiona orodha alinyamaza, kisha akasema hakuwahi kujua kwamba ndizo zilizokuwa zikifundisha.

Mafunzo yaliyonijenga mimi yalikuja baada ya semina ile, na yalikuwa ya namna nyingine. Tuliandikishwa kama wanafunzi, wahadhiri kumi na wawili, katika kozi ya wiki sita iliyoendeshwa yote mtandaoni, somo likiwa hilohilo la kuandaa kozi za mtandaoni. Wiki ya pili nilichelewa kuwasilisha kazi. Nyumbani kulikuwa na mgonjwa, na umeme ulikatika siku mbili. Wiki ya tatu niliona haya hata kuingia. Nina shahada tatu, na nilikuwa naukwepa ukurasa wa kozi kama mdaiwa anavyolikwepa duka. Kisha ukaja ujumbe wa mwezeshaji, kwa jina langu: Mwalimu, sijakuona wiki hii. Kazi ya wiki ya pili bado naipokea. Anza na swali la kwanza tu. Nilirudi usiku uleule, na katika kulijibu swali lile nilimkumbuka yule wa hodi tatu. Kwa mara ya kwanza nilijua alikuwa ameketi wapi, na palikuwa na giza la namna gani.

Garrison, Anderson na Archer, watafiti waliokuwa Kanada, waliandika mwaka 2000 kwamba kozi ya mtandaoni hutegemea uwepo wa aina tatu: wa fikra, wa kijamii na wa mwalimu. Nimewasoma na ninawashukuru. Lakini ningekuwa nimewasoma kabla ya wiki ile ya tatu, ningeyakariri maneno yao bila kuelewa.

Uungwana huu wa kuitikia hodi una gharama, na ni dhuluma kumwachia mhadhiri peke yake ailipe. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo, walimu wengi duniani walitakiwa kuhamia mtandaoni ndani ya siku chache. Mwezi huohuo Charles Hodges na wenzake huko Marekani walitoa andiko wakionya kwamba ufundishaji wa dharura usichanganywe na kozi ya mtandaoni iliyoandaliwa, kwa kuwa kozi kamili ya chuo kikuu kwa kawaida huchukua miezi sita hadi tisa kuandaliwa kabla ya kufundishwa. Miezi sita! Mimi nilipewa siku mbili za semina na chakula cha mchana. Chuo kinachohesabu saa za kusimama ukumbini, kisihesabu saa za kuandika, kusahihisha na kuitikia, kinamwambia mwalimu wake kimyakimya kwamba kuitikia si kazi. Na mwalimu huyo ana madarasa mengine, ana tasnifu za kusimamia, ana watoto. Ninaijua hali hiyo, ndiyo maana simlaumu anayepakia slaidi na kuondoka. Nauliza tu nani alimpangia muda wa kubaki.

Mwaka jana nilipangiwa kumsaidia profesa aliyenifundisha nikiwa mwaka wa kwanza. Sikulala vizuri. Unamwandaaje mtu aliyekuandaa wewe?

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, nioneshe hivyo vitufe.”

Alikuwa tayari amejirekodi: video moja ya dakika hamsini na mbili, amevaa tai, anafundisha kwa ufasaha uleule ulionifanya niipende taaluma hii. Sikuwa na mdomo wa kumwambia ni ndefu. Nilimwomba tu tutoke ofisini, azime mtandao wa chuo, tukaitazame kwenye simu yake kwa kifurushi alichonunua mwenyewe. Tuliketi kwenye benchi chini ya mwarobaini. Dakika ya tisa picha iliganda. Ikaendelea, ikaganda tena. Dakika ya kumi na nne wanafunzi walipita wakicheka na sauti yake yeye mwenyewe ikapotea kwenye kelele zao. Muda si muda simu ikamwarifu kwamba kifurushi kinakaribia kwisha.

Alikaa kimya kitambo.

“Huyu anayetazama hii, yuko wapi?” akauliza.

Nikamwambia wengine wako Kibondo, wengine Newala, na mmoja ni muuguzi wa zamu za usiku kule Mpanda.

“Na akikwama hapa, anamwita nani?”

“Ni wewe, Profesa.”

Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai yake, akatoa daftari lake dogo mfukoni.

“Kaa,” akaniambia, maana nilikuwa nimeshainuka. “Nisomee majina yao.”