Mungu Atatulinda, Lakini Breki Umekagua?



Leo sina tafakari ya somo la Dominika. Nina daftari. Ni lile la shule, la kurasa 80, na sasa limejaa majina ya miji, kilomita, bei za mafuta na mishale ya kalamu nyekundu. Mimi na wenzangu watatu wa kwaya tunapanga safari ya pikipiki kutoka Morogoro hadi Matema, kule ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hatuendi kuzika, hatuendi harusini, wala hakuna kongamano la vijana huko. Tunakwenda kuiangalia nchi yetu tu, basi. Tumechanga tangu mwaka jana. Tuko wanne, pikipiki tatu.

Kwenye kikao chetu cha pili, nyuma ya kanisa baada ya mazoezi, nikaanza maswali yangu. Tairi za nani zimekuwa kipara? Breki za nani zinalia? Taa ya nani inawaka kama mshumaa? Mwenzetu mmoja, mtu wa sala kweli, anayeongoza Rozari kwenye jumuiya yake, akanikatiza: "Ndugu yangu, unapanga kama mtu asiye na Mungu. Mwachie Yeye nafasi, atatulinda." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ila nilipofika nyumbani lile neno likakataa kutoka kichwani.

Yeye alitaka tuondoke Ijumaa jioni baada ya kazi, tukimbize usiku kucha, Jumamosi mchana tuwe Mbeya. Tunaokoa pesa ya gesti, na siku za ruhusa kazini zinapungua. Hoja yake ya pesa ni ya kweli, simbishii. Kati yetu hakuna mwenye mshahara wa kuchezea.

Lakini hebu fuateni njia hiyo pamoja nami kwenye daftari. Ukitoka Morogoro unaiacha milima ya Uluguru kushoto, unaingia tambarare, unapita Doma, halafu barabara kuu inakatisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Mchana unaona twiga na tembo bila kulipa kiingilio. Usiku huwaoni mpaka uwe umewafikia, na nyati akisimama barabarani hana taa ya nyuma. Baada ya hapo kuna bonde la mibuyu kandokando ya Ruaha, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa barabarani, kisha Kitonga: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda taratibu yakinguruma, mengine yanashuka breki zikinuka. Ukitokea juu, Ilula, hewa imebadilika kabisa. Iringa ni kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Aliyetoka Morogoro na shati jepesi atajuta.

Halafu misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, Makambako, na barabara inateremka tena kuambaa na tambarare za Usangu, Igawa, Chimala, mashamba ya mpunga. Unapanda tena hadi Uyole, unakata kushoto, na hapo ndipo moyo wangu ulipo: mlima Rungwe, chai, migomba ya Tukuyu, mvua isiyoomba ruhusa, kisha joto la Kyela na ziwa chini ya milima ya Livingstone. Mlima, tambarare, mlima, tambarare, ziwa. Nani anataka kuyapita hayo yote gizani, akiangalia duara dogo la taa yake?

Ila si hilo lililoninyima usingizi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa narudi kutoka mkesha wa vijana wa parokia jirani, saa nane usiku, nimempakia mwenzangu wa sauti ya tatu. Taa yangu ya mbele ilikuwa imefifia wiki nzima, kila siku nasema kesho nitaipeleka kwa fundi. Helmeti ilikuwa moja. Niliivaa mimi. Kabla sijawasha aliniuliza, "Tutaona kweli?" Nikafanya ishara ya msalaba, nikamwambia, "Mungu yupo, panda."

Shimo sikuliona. Mimi nilipata michubuko. Yeye alivunjika mguu chini ya goti, sehemu mbili. Alikuwa anajifunza kuchomelea vyuma kwa fundi mmoja mjini. Akakaa miezi saba nyumbani, na nafasi ile akapewa kijana mwingine. Mpaka leo akipanda ngazi za jukwaa la kwaya anatanguliza mguu uleule.

Waliokuja kutupa pole walisema Mungu ametulinda. Inawezekana kabisa; kichwa chake kitupu kiliangukia kwenye nyasi, hatua moja kutoka kwenye mawe. Lakini mimi niliijua ile sentensi yangu, na nilijua kwamba haikuwa sala. Ilikuwa njia ya kumnyamazisha mtu aliyeuliza swali la maana. Kwenye kitubio nilisema nimelitaja bure jina la Mungu. Padre akaniuliza kama nimemwomba msamaha mwenyewe. Nikasema bado. Ilinichukua miezi mitatu mingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia kupanga ni upungufu wa imani, swali hilo kwangu si la darasani. Nimelibeba kwa muda, nimesoma kidogo, na kitabu kilichonisaidia kuliko vyote sikukitegemea: ni cha Tobiti.

Wengi wetu tunakumbuka kwamba Tobia alisafiri na Malaika Rafaeli, na kwamba mbwa naye alikwenda. (Napenda sana yule mbwa kuwemo.) Tunachosahau ni jinsi safari ilivyoanza. Mzee Tobiti, kipofu, alikuwa ameweka fedha kwa Gabaeli huko Rage, nchi ya Wamedi, na akataka mwanawe aende kuzichukua. Tobiti alikuwa mtu wa Mungu kweli, aliyekuwa anazika maiti za ndugu zake huku akihatarisha maisha. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kumwambia mtoto "Nenda tu, Mungu yupo," ni yeye. Hakusema hivyo. Alimwambia atafute mtu mwaminifu anayeijua njia, naye atamlipa ujira. Mtu alipopatikana, mzee akamhoji: wewe ni wa kabila gani, wa ukoo wa nani? Wakapatana malipo ya kila siku. Na katika baadhi ya tafsiri huyo kiongozi wa njia anaeleza hata sura ya nchi, kwamba mji mmoja uko milimani na mwingine uko katikati ya tambarare, na kwamba kati yao ni mwendo wa siku mbili. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Malaika mzima anahesabu siku za safari kama mimi na daftari langu!

Sasa tazama mpangilio wa mambo. Rafaeli hakutokea kwa mtu aliyekaa akisubiri malaika. Alitokea kwa kijana aliyetoka nje kutafuta mtu wa kumwonyesha njia. Mpango wa Tobiti haukumzuia Mungu. Ndio ulikuwa mlango alioingilia. Malaika akakubali kuhojiwa, akakubali hata kupatana ujira, na wao wasijue kabisa ni nani.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaweka kuona mbele kuwa sehemu ya fadhila ya busara, tena sehemu iliyo kuu. Kwa Kilatini neno la kuona mbele ni lilelile wanaloliita Maongozi ya Mungu: providentia. Mimi si mtaalamu wa Kilatini, lakini jambo hili limenikaa. Mungu anaitazama njia yetu kabla hatujaifika, na sisi, kwa kiasi chetu kidogo cha kibinadamu, tunaalikwa kufanya vivyo hivyo. Thoma huyohuyo anasema kwamba mtu anayeacha kufanya lile analoweza kulifanya mwenyewe, akangoja msaada wa Mungu tu, anaelekea kumjaribu Mungu. Ndilo jambo ambalo Shetani alimshauri Yesu juu ya mnara wa hekalu, ajirushe kwa kuwa malaika wapo. Malaika walikuwepo kweli. Na bado Yesu alikataa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Haisemi "akigonga." Kuhatarisha kwenyewe kunatosha. Maana yake ni kwamba usiku ule nilikuwa na kosa kabla ya shimo, na ningekuwa na kosa hata kama tungefika salama na kuimba Misa ya asubuhi. Hilo ndilo gumu kumeza, kwa sababu tumezoea kupima dhambi ya barabarani kwa damu.

Nisieleweke vibaya. Kuna kupanga ambako kweli ni ugonjwa, na mimi nina dalili zake. Mtume Yakobo anawaonya wale wanaosema tutakwenda mji fulani, tutakaa mwaka, tutafanya biashara, ilhali maisha yao ni kama mvuke. Nimejikuta nikiwaza kilomita wakati wa Mageuzo. Nimekasirika kwa sababu mwenzetu alitaka kubadilisha siku ya Tukuyu, kana kwamba kaigusa Tabernakulo. Ila Yakobo, nikimsoma vizuri, hawakemei kwa kuwa na mpango, anawafundisha kuusema mpango huo pamoja na "Bwana akipenda." Mwenzangu wa Rozari ana hoja hapo, na nilimwambia hivyo. Tumeacha siku moja tupu kwenye daftari, haina mji wala kilomita. Mvua ikituzuia Tukuyu, ni ya mvua. Pikipiki ikiharibika, ni ya fundi. Isipotokea kitu, tutakwenda Tosamaganga, misheni ya zamani pale karibu na Iringa, tukae tu.

Limebaki swali la mama, na hilo sijalimaliza. Aliniuliza akiwa anachambua mchele, hata hakuinua macho: "Mtu anaiweka roho yake barabarani ili akatazame milima?" Kumbukeni hata mama yake Tobia alilia na kumlaumu mumewe, akaona fedha zile hazifai kulinganishwa na mtoto. Nilimwambia mama habari za Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyependa kupanda milima na aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2025. Mama akauliza alikufaje. Nikasema kwa polio, akiwa na miaka 24, si mlimani. Akasema, "Hata hivyo."

Naamini uzuri wa nchi ni kitu chema, na kitu chema kinaweza kustahili hatari kidogo. La sivyo tusingevuka hata barabara kwenda kusali. Lakini hatari ninayoweza kuikubali ni yangu. Ya mama, atakayekaa na simu mkononi siku saba, siwezi kuikubali kwa niaba yake. Naweza tu kuipunguza. Na ya mtu wa kiti cha nyuma hata kidogo siwezi. Ndiyo maana nimempa mama nakala ya daftari, miji na saa, na tumekubaliana nitapiga simu kila kituo. Kusafiri usiku tumefuta. Mwenzangu wa Rozari alinuna siku mbili, halafu akaleta pikipiki yake kwa fundi bila kuambiwa. Breki ya nyuma ilikuwa imekwisha kabisa. Hatukusema kitu.

Helmeti ya pili nimenunua. Nilimpelekea rafiki yangu wa sauti ya tatu nyumbani kwao, maana ndiye wa nne wetu, na nilikuwa nimepanga apande nyuma yangu. Aliigeuzageuza, akaijaribu, ikamkaa vizuri. Kisha akanirudishia taratibu. Akasema safari anakuja, hilo nisiwe na wasiwasi, ila atapanda basi hadi Iringa, na kule mbele atapanda mabasi madogo, tutakutana kila mji. Nyuma yangu hapandi, bado.

Sikumwomba afikirie tena. Nilifungua daftari palepale mlangoni, nikaandika jina lake kwenye mstari wa Iringa: stendi ya mabasi, saa tisa alasiri.