Kiduha Hakingoji Mavuno

Kiduha kikiingia shambani huanza kazi kabla hakijaonekana. Mahindi huota vizuri, hufika magotini, kisha hudumaa. Majani hupauka na kunywea adhuhuri hata kama mvua ilinyesha jana yake. Mwenye shamba husema udongo umechoka, au mbegu za dukani siku hizi si za kuaminika. Wiki kadhaa baadaye, chini ya yale mahindi yaliyodumaa, huchomoza kiduha chenyewe, vimea vyenye majani membamba yanayokwaruza kidole. Havikawii kutoa maua ya zambarau, na ni mazuri kwa kweli.

Palikuwa na mzee wa kanisa katika kijiji kimoja cha Mara, upande wa ziwa, ambako Wajaluo hukiita kiduha kayongo. Alikijua tangu utoto na alikizoea kama watu wanavyozoea mvua ya mawe. Kila msimu kilikula sehemu ya mahindi yake, naye akavuna kilichosalia na kushukuru. Jumapili ya mavuno, watoto wa shule ya Jumapili waliyachuma maua hayo wakapamba meza ya Bwana. Kiduha huchanua juu huku vifuko vya mbegu vya chini vimekwisha kukomaa, kwa hiyo ibada ilipoisha kitambaa cheupe kilikuwa na vumbi la kahawia. Mama mmoja alikikung'utia nje, kwenye kishamba cha mahindi cha kanisa. Vumbi lile lilikuwa mbegu. Mche mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai.

Kanisa hilo lilikuwa likichanga fedha za kupaua. Kuta zilisimama, mabati bado. Mhazini, kijana mchangamfu mwenye duka la rejareja, alianza kukopa kwenye kisanduku bila kumwambia mtu. Mara ya kwanza ilikuwa shilingi 20,000, akazirudisha nusu. Mzee aliliona pengo hilo daftarini kwa macho yake. Mwenzake mmoja alipomnong'oneza kwamba sasa kijana aulizwe, mzee alimjibu kwa Maandiko: Bwana Yesu alikataza kung'oa magugu, tusije tukang'oa na ngano. Tusubiri mavuno.

Jibu hilo lina sauti ya uchaji, ndiyo maana ni la hatari. Nimelisikia makanisani mara nyingi, na karibu kila mara anayelitoa ni mtu asiyetaka kugombana na jamaa. Mfano wenyewe umo katika Mathayo 13, na Yesu hakuwaachia wasikilizaji wabahatishe: alifasiri kwamba shamba lile ni ulimwengu. Hakuzungumzia kisanduku cha sadaka. Kuhusu ndugu aliyekosa, agizo lake liko mbele kidogo, sura ya 18: mwendee, mzungumze ninyi wawili kwanza.

Hata gugu lenyewe ni jingine. Wataalamu wengi wa mimea huona kwamba lililotajwa katika mfano ni lile linalofanana na ngano mpaka masuke yatoke, na mizizi yake husokotana na ya ngano. Mkulima wa Palestina aliyengoja alikuwa na busara, maana aking'oa mapema angekosea mche. Kiduha hakifanani na hindi. Mbegu yake hulala udongoni ikingoja kemikali inayotolewa na mzizi wa mmea kama hindi au mtama. Ikiihisi huamka, hujishikiza kwenye mzizi huo na kunyonya. Ukikiacha kingoje mavuno, kimekwisha kumwaga mbegu za mwaka kesho na za miaka itakayofuata. Anayetaka kujifunza imani kwa mimea ni lazima kwanza aujue mmea. Tunapenda kuokota somo upesi, ua hili linasema hivi na ndege yule anasema vile, tukishaokota hatuangalii tena.

Bwana shamba aliyepita kijijini msimu uliofuata hakuwa na habari za mhazini. Alimwamkia mzee, akaingia kati ya mistari, akang'oa hindi moja pamoja na udongo wake. Alisugua mizizi kwa kidole gumba mpaka vikaonekana vichipukizi vyeupe vilivyoing'ang'ania, ambavyo bado havikuwa vimetoka juu.

"Hivi ving'olewe vikichomoza tu, mzee, kabla ya kuchanua."

"Nikiving'oa, mahindi yatapona?"

"Ya mwaka huu hayaponi. Yameshanyonywa. Unang'oa kwa ajili ya msimu ujao."

Mzee alichukia, kama watu wengi wanavyochukia wakiambiwa wafanye kazi ambayo faida yake haionekani leo. Bwana shamba akamweleza kuhusu desmodiamu, jamii ya kunde ambayo hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Watafiti wa ICIPE kule Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hilohilo, waliipanda miaka ya 1990 wakitafuta dawa ya funza wa mabua, ndipo wakagundua kwamba kiduha nacho kinapungua. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha lakini haivipi vichipukizi nafasi ya kujishikiza, navyo hufa.

Mwaka uleule fundi alikuja kupima paa, na kisanduku kikafunguliwa mbele ya wazee wote. Fedha zilizokuwamo hazikutosha hata mabati ya upande mmoja. Mhazini hakukana. Alikaa amejiinamia, viganja katikati ya magoti. Walipoanza kumtajia Yuda, alimgeukia mzee.

"Baba, ile elfu 20 uliiona. Nilikuona ukiiona. Wiki nzima nilingoja uniite. Hukuniita, nikajua inawezekana."

Wengine waliona ni ukosefu wa adabu, mwizi kumsingizia mlinzi. Alikuwa na makosa yake, na hakuna aliyemtuma. Lakini siku ya elfu 20 angeweza kulia, akalipa na kuendelea kuwa mhazini. Sasa deni lilikuwa kubwa kuliko duka lake.

Alivuliwa kazi na kupewa muda wa kulipa. Alianza na mbuzi wawili, waliouzwa mnadani kwa bei ya hasara. Daftari sasa husomwa mbele ya washarika kila mwezi, hata pale ambapo hakuna cha kusoma ila sadaka ya Jumapili mbili za mvua. Mzee alipanda desmodiamu, na kabla haijashika vizuri aliendelea kung'oa kwa mkono akivichoma alivyong'oa mbali na njia ya ng'ombe. Kishamba cha kanisa, ambacho hakina mwenye kukiamkia, ndicho kinachoongoza kwa zambarau.