Kidimu na Dhamana ya Mfugaji

Kuku kidimu ni yule ambaye manyoya yake hayalali mwilini, hujipinda kuelekea nje. Kila kifaranga hurithi chembe moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepata chembe ya ukidimu upande mmoja hupendeza macho. Aliyeipata pande zote mbili manyoya yake hukatika upesi, na ngozi hubaki wazi. Jogoo kidimu akipandishwa kwa mtetea kidimu, kifaranga mmoja katika wanne, kwa wastani, huanguliwa na mzigo huo.

Basi mfugaji wa Bugene, katika vilima vya Karagwe penye usiku wa baridi, akiwapandisha hao kwa kutaka uzuri, je, analaumika? Zamani angesingizia kudura. Lakini Mendel alitangaza kanuni za urithi mwaka 1866, na mwaka 1902 Bateson alionyesha kwamba kuku nao huzifuata. Ajuaye hayo hana haja ya kumchinja kidimu wake. Ampandishe kwa kuku wa manyoya ya kawaida: takriban nusu ya vifaranga watakuwa vidimu, wala hapana atakayerithi mzigo maradufu. Kuwa tofauti si kosa la kuku. Kosa ni la ajuaye, akiinunua furaha ya macho yake kwa baridi ya kiumbe asiyeweza kukataa.