Miche 400 na Ripoti Niliyoiandika

  

Hadithi ya mpanda mti sote tunaijua. Muislamu akipanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Nimeisimulia mara nyingi. Mara ya mwisho nilikuwa kwenye mteremko wa Mlima Elgon, nimevaa fulana mpya ya kijani, na wenzangu wanapiga picha. Nataka kuizungumzia siku ile.

Watu wa huku hawahitaji mwanafunzi wa chuo awaeleze hatari ya mlima ulio wazi. Machi 1, 2010 udongo uliporomoka Bududa ukakifukia kijiji cha Nametsi. Mwishoni mwa Julai 2022 Mto Nabuyonga ulifurika hapa Mbale, watu wakafa. Watu ni wengi, ardhi ni kidogo, na miteremko iliyokuwa na miti imegeuka mashamba.

Basi kamati yetu ndogo iliomba ruzuku kwa wafadhili fulani: miche 400 kijijini, na somo la mazingira kwa watoto wa shule. Mimi nilikuwa katibu. Fedha zilifika mwisho wa Novemba, na sharti likiwa zitumike kabla ya Desemba 31. Tukapanda Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Mkulima yeyote wa hapa angetuambia kwamba mvua zilikuwa zinaondoka, na kwamba jua lingekaa mpaka Februari. Hatukumuuliza. Nikaandika ripoti: miche 400 imepandwa, jamii imehamasishwa. Tulipongezwa.

Machi nilirudi kijijini peke yangu, nikahesabu. Ilikuwa hai 37.

Mama mmoja mwenye shamba la kahawa alinikuta nimechuchumaa penye kijiti kikavu. Nilimwamkia, nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Mwanangu, mlikuja na mti mkaondoka. Mbuzi hakuondoka." Kisha akanionyesha mparachichi mmoja alioupanda mwenyewe karibu na jiko, ambao huumwagia maji aliyooshea vyombo. Ule umenawiri. Akaniuliza pia kwa nini tulimletea mikaratusi, ilhali kila mtu anajua haipatani na kahawa. Yeye angetaka mringaringa wa kivuli. Sikuwa na jibu. Mikaratusi ilikuwa rahisi kupatikana kwa wingi, basi.

Usiku ule nilisoma tena kisa cha Salman al-Farisi (R.A.), kama kilivyo katika Musnad ya Imam Ahmad. Salman alikuwa mtumwa. Bwana wake alikubali kumwachia huru kwa ukia 40 za dhahabu na mitende 300, na mapatano yalikuwa mitende iliyo hai, iliyoshika. Mtume (S.A.W.) akawaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, yule 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa uwezo wake, mpaka ikatimia. Hiyo nayo ilikuwa ruzuku, ukipenda. Lakini angalia utaratibu. Salman aliamrishwa kwanza achimbe mashimo, yakiwa tayari aite. Ndipo Mtume akaja akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Salman anasimulia kwamba haukufa hata mmoja.

Nilikuwa nimekisoma kisa hiki kwa ajili ya mtihani, nikakariri idadi, na lile sharti la uhai likanipita.

Rafiki yangu mmoja alinipinga: matendo ni kwa nia, akhi, thawabu mmeshapata. Kuhusu thawabu yangu, Allah ndiye ajuaye, na Hadithi ya nia siikatai. Lakini nia haizuii udongo kuteremka juu ya nyumba ya yule mama. Tena fedha zile hazikuwa zetu, zilikuwa amana. Tukumbuke mtu wa Azd aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hii yenu na hii nimepewa mimi zawadi, Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari kwa ajili ya jambo hilo. Sisi hatukuiba. Ila nilipofungua daftari la hesabu niliona fulana na chakula cha siku ya uzinduzi vimekula zaidi ya miche yenyewe, na uzio na maji havikuandikiwa hata shilingi moja. Na ile ripoti, kila neno lake lilikuwa kweli Jumamosi ile, na nilijua msomaji angeelewa zaidi ya nilichoandika. Jina la jambo hilo katika fiqhi ya muamala mnalijua. Nasema hivi nikijisema mwenyewe kwanza.

Tumewaandikia wafadhili: 37, si 400, na sababu zake, na hesabu zote. Wenzangu wawili waliogopa tutanyimwa mwaka ujao. Huenda. Barua imeshakwenda.

Mvua zimeanza. Yule mama na majirani zake wameotesha miringaringa na miparachichi, nasi tumechanga kidogo kidogo kuinunua kwao. Kila mwenye shamba atachagua mti na mahali. Somo la shule tumelifuta. Watoto watamsikiliza mzee wa kijiji anayejua mahali udongo ulipopasuka zamani, na sisi tutakaa nyuma. Kila wiki wawili wetu watapanda mlimani kuhesabu, mpaka jua la Desemba lipite.

Jumamosi hii ni kuchimba mashimo tu, miche bado. Tunakutana langoni saa moja asubuhi. Fulana hakuna. Mwenye jembe aje nalo.

Wabillahi tawfiq.