Anayeuza Umeme Anauza Nini?

Maji ya Ziwa Victoria yana njia moja tu ya kutokea, nayo iko Jinja, Uganda. Tangu mwaka 1954 njia hiyo imeshikwa na Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Umeme wake umeuzwa Kenya kwa miongo mingi, na gridi ya Uganda imelisha pia Bukoba. Je, muuzaji anauza mali yake, au na ya majirani? Karibu nusu ya ziwa iko Tanzania.

Fikihi ya Kiislamu ina pa kuanzia. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inawafanya Waislamu washirika katika maji, malisho na moto. Hata hivyo, wanafikihi wengi walitenga maji ya mto, ambayo ni ya wote, na maji yaliyokwisha kutekwa chomboni: hayo mtekaji aweza kuyauza, kwa kuwa ameyatolea jasho. Kwa kipimo hicho Uganda haina kosa. Imejenga, imefunga mitambo, inauza kazi yake.

Tatizo ni kwamba mtambo hauli maji. Yanayoingia yote hutoka na kuendelea na Mto Nile. Yakitolewa kupita kiasi, kinacholiwa ni kimo cha ziwa, na kimo hakitekwi chomboni. Ndiyo maana kanuni ya Jinja ilitaka maji yanayoachiwa yalingane na yale ambayo yangetoka yenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Kituo cha pili, Kiira, kilianza kazi mwaka 2000. Kati ya 2004 na 2006 kanuni ilivukwa, mvua nazo zikiwa haba, na ziwa likashuka sana. Kwenye ufuko kama wa Igogo, jijini Mwanza, ziwa likishuka maji husogea mbali na mwalo, na mitumbwi hukwama topeni. Hasara hiyo haimo katika bei ya umeme.

Mwaka 2020 ziwa lilifurika, na safari hii nyumba za kandokando ndizo zilizoingiliwa na maji. Kwa hiyo wajibu wa mwenye mageti si kuzuia tu wala kuachia tu. Unafanana zaidi na wa mshika amana, ambaye katika fikihi hadaiwi kilichoharibika mikononi mwake isipokuwa amezembea au amevuka mpaka. Hapo hesabu ya 2004 hadi 2006 hugawanyika: sehemu ya ukame haina mdaiwa, na sehemu iliyozidi kanuni inayo.