TUPANDE KABLA YA KUKATA

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Nasi tunapika kwa makala, pori linaisha, na miti ichomwayo inatoa hewa ya kaboni inayopasha dunia joto. Lakini tazameni Mampu, kwenye nyanda za Bateke, mashariki ya Kinshasa. Kule wakulima wanapanda akasia pamoja na mihogo na mahindi. Akasia inarutubisha udongo. Baada ya miaka 8 hivi inakatwa kwa makala, mbegu zake zinaota tena, na miti michanga inavuta ile kaboni. Basi kila jamaa ya waamini ipande miti shambani mwake. Tukiwaachia watoto jangwa, watapika na nini? Amina.