Anayekataliwa Abadili Nini?

Lipo swali ambalo sisi walimu hulipita kwa haraka, nalo ni hili: mtu akikataliwa kazi yake, abadili nini? Wengi wetu hujibu kwa neno moja, subira, kisha tukaendelea na somo. Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe mwaka jana, na sasa naliona kuwa lilikuwa jibu la mvivu.

Kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili hapa Jinja alikuwa amejifunza kutengeneza tovuti. Aliomba kazi katika kampuni moja huko Kampala, akaambiwa aonyeshe kazi ya mkono wake. Akapeleka ukurasa wa duka la vitambaa, alioushughulikia kwa majuma matatu katika kompyuta ya kuazima. Jibu lilikuja la mistari miwili: hafai. Alipofika kwangu alisema, "Mwalimu, wamenikataa." Ukurasa hakuutaja kabisa, nami sikuliona hilo. Nikamwambia, "Subira, mwanangu."

Yafaa nieleze kidogo ufundi wenyewe. Zamani wasanifu wengi walizipima kurasa zao kwa upana usiobadilika, kama mpiga chapa apimavyo karatasi, ingawa John Allsopp wa Australia alikwisha kuwaonya mwaka 2000 kwamba tovuti si karatasi. Simu zilipoenea, kipimo hicho kikawa taabu. Mwezi wa Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alipendekeza katika makala yake kwamba ukurasa mmoja ujirekebishe wenyewe: safu zipimwe kwa sehemu ya upana wa kioo, picha zisivuke mipaka ya safu zake, na pawepo masharti yasemayo, upana ukiwa huu, panga hivi. Safu tatu zilizokaa bega kwa bega katika kioo kipana husimama moja chini ya nyingine katika simu. Maneno ya duka ni yale yale, na bei ni zile zile.

Kijana wangu aliyajua hayo yote. Alichosahau ni mstari mmoja tu, ule unaoiagiza simu ifuate upana wake yenyewe. Mstari huo ukikosekana, simu nyingi huuchukulia ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980 hivi, kisha huufinya wote uenee, na herufi zikawa kama mayai ya chawa. Yeye alikuwa akiujaribu kwa kulipunguza dirisha la kompyuta, ambako kosa hilo halionekani. Alipoligundua kwa simu ya rafiki yake alifurahi mno. Nilistaajabu, mtu kufurahia kosa! Lakini kosa lenye jina hurekebishika.

Akaurekebisha, akaomba kazi mahali pengine, akakataliwa tena, safari hii bila sababu yoyote. Hapo ndipo alipoanza kubadili kila kitu: rangi, picha, hata jina la duka. Jioni moja akaniuliza kama alibadili na jina lake mwenyewe katika barua, lisitambulishe kwao ni wapi.

Nilimkataza. Nakiri kwamba nilimkataza kabla sijapata hoja. Hoja niliipata baadaye, katika ufundi wake mwenyewe: ukurasa hujirekebisha kwa sababu huambiwa upana wa kioo. Yeye aliambiwa nini? Anayejipinda bila kupewa kipimo atajipinda hadi maneno yenyewe yatoke. Kwa hiyo naona deni kubwa liko kwa yule akataaye. Mtasema, mwenye barua mia mezani hana nafasi ya kumweleza kila mtu. Sawa, lakini maneno manne, "herufi hazisomeki katika simu", yangetosha katika ile mistari miwili ya kwanza.

Nasema hivi nikiwa na haya. Katika daftari za wanafunzi wangu nimeandika "Rudia" kwa wino mwekundu mara zisizo na idadi, bila kusema kilichoharibika ni hoja, sarufi au mwandiko. Huenda daftari la kijana huyu lilikuwa mojawapo, sikuthubutu kumuuliza.

Juma lililopita alipita nyumbani. Jina lake analitumia lile lile. Amepeleka maombi mahali pawili, na majibu bado.